Karatasi ya Mahudhurio

"Saini tu, dada, wakaguzi wanafika saa nane," bosi alisema, akinisukumia karatasi ya mahudhurio ya semina ya afya ya akili kwa maofisa ustawi wa jamii.

Semina yenyewe haikufanyika. Siku hiyo nilikuwa kituo cha polisi, nimempakata mtoto aliyeunguzwa na baba yake wa kambo. Gauni langu lilinuka dawa ya vidonda mpaka jioni.

Nikasaini. Nani angenisikiliza?

"Na hapo chini msainie Cheko."

Cheko, mcheshi wetu wa meza ya pili. Wiki tatu zilizopita alianza kulia akiwa kwenye simu, asinyamaze. Tukamtoa tumemshika huku na huku. Mafaili yake sitini yakahamia kwangu. Kikombe chake bado kiko dirishani, chai imeota ukungu.

"Bosi, Cheko si yuko wodini?"

"Ndiyo maana nakwambia umsainie."

Kwenye mstari wake nikaandika kwa herufi kubwa: AMELAZWA, WODI YA WAGONJWA WA AKILI. Nikarudi juu, nikaikata saini yangu mpaka karatasi ikachanika.

"Umeniharibia karatasi!" Bosi aliruka kutoka kitini.

Siku tuliyomtoa Cheko, bosi hakuinuka kitini.