Betri ya Keekee

Fundi Makame hakuwa na karakana tena, hakuwa na mwanafunzi wa useremala, wala hakuwa na nguvu za kuzungusha keekee ya mkono ya kutobolea mbao. Alibaki na keekee ya betri, na betri yenyewe ilikuwa imekufa. Binti yake, Raya, alikuwa amewataka wazazi wake wahamie kwake, mji wa mbali. Makame alijiapiza kwamba betri ikifufuka, atabaki na kazi yake.

Aliifungua, akang'oa seli zilizovimba, akaunganisha nyingine alizozitoa kwenye kompyuta mpakato mbovu. Aliichaji hadi kipimo kikaonyesha imejaa.

"Haya, imejaa. Njoo ule," alisema mkewe, Bi Mgeni.

"Betri isiyobeba mzigo ni mwongo, mama Raya. Ngoja niitwishe."

Akabana ubao wa mvule, akaanza kutoboa. Keekee ilinguruma bila kulegea, tundu baada ya tundu, mpaka mkono wake ukashindwa kuishikilia na jasho likamwingia machoni. Akaiweka chini, akaegemea meza.

"Imekwisha?"

"Bado ipo. Ina nguvu kuliko siku niliyoinunua."

"Sasa mbona umeacha, baba Raya?"

Makame alipangusa vumbi la mbao, akaomba karatasi na bahasha. Akaandika mistari michache ya kukubali kuhama, bila kumsomea mkewe, akalamba gundi, akaikandamiza kwa kidole gumba. Jina la Raya likakaa juu, limepinda kidogo.

Alikwenda posta mwenyewe. Barua ilishaanguka ndani ya sanduku, lakini vidole vya Makame vilibaki kwenye mdomo wa sanduku.