Vigelegele vya Ziwani

Mlinzi wa ziwa aliposikia vigelegele vyetu, alidhani tunapiga mayowe kwamba mtu anazama. Akausukuma mtumbwi wake majini.

Wa kulaumiwa ni sisi. Tulikuwa wanawake saba kutoka mtaa wetu wa Kilburn, huku ughaibuni, na leso zetu na chupa za chai, asubuhi ya Januari, barafu imeganda ukingoni. Mwenzetu wa nane, Mwanasha, anayetunza wazee, alijifunza kuogelea akiwa na miaka hamsini na moja. Tangu Oktoba alikuwa akiingia ziwani humo kila asubuhi, na mimi ndiye niliyeeneza kwamba amepata wazimu.

Leo ilikuwa siku ya mchujo. Akimaliza mizunguko minne, anaingia kwenye timu itakayovuka bahari kwa kuogelea hadi Ufaransa wakati wa kiangazi. Akigusa mtumbwi au kasia, ametoka.

Alipobakisha mita hamsini tu, tukashindwa kujizuia.

Basi mtumbwi ukamfikia. Mlinzi akamnyooshea kasia, akamwambia, "Shika, mama, shika."

Mkono wa Mwanasha ulikuwa umeinuka. Vidole vilikakamaa kama miguu ya kuku, kucha zimegeuka zambarau. Vikasimama shibiri moja kutoka kwenye kasia.

Akatugeukia, meno yakigongana. "Nyamazeni, wambeya nyie. Mtaniponza."

Tukaziba midomo kwa leso, sote saba, jambo ambalo hata matangani halijawahi kutokea.

Mwanasha akakunja ngumi, akalipita kasia.