Nusu Kidole

Sanamu yangu iliipita ya mchumba wangu kwa nusu kidole, na hilo ndilo alilolitazama.

Fundi wa Mkumbara alituchonga kwa mpingo, tupambe meza ya harusi Jumamosi. Alitupima kwa mkono wake: shibiri moja ya mtu, kidole kimoja cha mti.

"Mbona kanizidi?" mchumba wangu akauliza.

"Mwenzio ni mrefu, kaka," fundi akasema. "Kipimo ni kile kile kwa wote."

"Mpunguze."

"Labda nikate magotini niunge na gundi. Lakini hatakuwa yeye tena."

Fundi akanitazama, akingoja niseme neno. Mama, aliyetusindikiza, akanibana mkono. "Grasiana, huo ni mti tu, mwanangu. Kadi zimeshasambazwa."

Fundi akailaza sanamu yangu, akaweka msumeno magotini. Mchumba wangu akanigeukia, akitabasamu.

"Na Jumamosi usivae viatu virefu."

Unga wa mpingo ukaanza kunidondokea miguuni. Niliinama kuutazama, ndipo nikagundua kwamba tangu tuingie karakanani nimesimama kando ya mchumba wangu nimekunja magoti.