Mwenyekiti Ametoka Kidogo

Mpini wa ufagio ulikuwa umelazwa mlangoni mwa duka la Haji Muti, juu ya viti viwili. Sokoni Ain Sarwa kila mtu anajua maana yake: mwenyewe ametoka kidogo, ukitaka kitu mwambie jirani. Bwana Ghalib, ofisa aliyetumwa kutoka mkoani, hakujua. Aliukodolea macho ule mpini huku amekumbatia mhuri wake.

"Mwenyekiti mpya yuko wapi?"

"Hayuko mbali, Bwana Ghalib," alisema Wijdan, katibu wa chemba ya biashara.

Ilikuwa saa nne na nusu. Kanuni zilisema mshindi aonekane na ofisa kwa macho, kisha atie sahihi kabla ya adhuhuri. Asipoonekana, kiti kinakwenda kwa aliyemfuatia, na aliyemfuatia alikuwa Nawwaf.

Huyo Nawwaf alirudi kutoka Kuwait mwaka juzi, akajenga ghala ambamo soko zima huchukua bidhaa, na tangu hapo hajawahi kukaa kunywa chai na mtu. Uwenyekiti aliutaka ili aidhinishe soko livunjwe, pawe maegesho ya magari. Hakuna aliyethubutu kugombea naye, maana nani anataka kunyimwa sukari kesho yake? Ndipo wanachama wakakumbuka kwamba majina yao yote huwa kwenye karatasi ya kura, wakatafuta moja ambalo Nawwaf asingeweza kulitisha. Wanachama wote arobaini na moja walipiga kura, kila mmoja akiitia sahihi karatasi yake. Haji Muti, muuza chekeche na kamba, alipata arobaini. Nawwaf alipata moja, na aliyeipiga anajulikana.

"Ameenda kwa daktari wa meno," alisema Abu Hazim, kinyozi wa duka la pili.

"Ameenda kijijini kwa dada yake," alisema Umm Qusay, muuza nyuzi, wakati huohuo.

Wijdan aliwakata jicho wote wawili.

"Dada yake ndiye daktari wa meno," aliongeza Umm Qusay, akarudi kupanga nyuzi zake.

Wakampeleka mgeni kwa Abu Sufyan, muuza kunafa, kile kitamu cha jibini na shira. Huyu aliapa kwamba Haji ametoka hapo sasa hivi, na sahani yake ile pale ina moto bado. Bwana Ghalib akaitazama sahani.

"Mtu anaumwa jino, halafu anakula kunafa?"

"Ndiyo maana anaumwa," alisema Abu Sufyan. "Miaka tunamkanya. Na wewe kaa, Bwana, usisimame kama mdai. Jibini hii haimngoji mtu."

Bwana Ghalib alikaa. Alikula sahani moja, akaongezwa ya pili, ya tatu akaikataa kwa adabu kisha akaila. Wijdan alitazama saa ya ukutani, akamwagizia chai. Wakati huo mteja mmoja alisimama mbele ya duka la Haji Muti akitaka kamba. Umm Qusay akauruka ule mpini, akampimia mita sita na kuziweka hela kwenye kopo lenye jina la mke wa Haji.

"Kwenu mtu humwachia jirani duka lake?" aliuliza Bwana Ghalib.

"Tungemwachia nani?" Wijdan alisema. Aliipenda mno mitaa hii. Akammiminia mgeni chai.

Wakaendelea. Muuza viatu alisema Haji yuko msikitini. Muuza bizari alisema yuko hamamuni anaoga. Kila mmoja alimpa mgeni kitu cha kutafuna, na kila duka lilimwongezea uzito, mpaka ilipofika saa sita kasoro dakika kumi akawa anatembea ameshika mkanda. Abu Hazim akamwonea huruma, akamkalisha kwenye kiti chake cha kunyolea.

"Pumzika. Haji lazima apite hapa. Nikupunguze ndevu kidogo?"

Povu likapakwa, taulo la moto likafuata juu ya uso mzima. Dakika tano zikabaki. Dakika tatu. Wijdan alikuwa amesimama mlangoni.

"Huyo anapita!" alipaza sauti. "Haji Muti!"

"Haji! Haji!" soko zima likaitikia. "Hongera, mwenyekiti! Msalimie mgeni!"

Bwana Ghalib alijiinua, taulo likiteleza, povu machoni. Nje kulikuwa na migongo ishirini na vilemba vyeupe ishirini. Akapunga mkono kwa vyote.

"Hongera, Haji!"

"Amekuitikia," alisema Abu Hazim. "Umemwona alivyotabasamu?"

"Nimemwona," alisema Bwana Ghalib, naye akatabasamu. "Mtu mkunjufu sana." Akagonga mhuri palipoandikwa *ameonekana*, akamkabidhi Wijdan fomu. "Mkimbilie, binti yangu, atie sahihi. Mimi siwezi hata kuinama."

Wijdan alikimbia. Aliuruka mpini wa ufagio, akaingia dukani kwa Haji Muti, akaitandaza fomu juu ya meza kati ya chekeche. Umm Qusay na Abu Sufyan wakajibana nyuma yake, wakiziba vinywa kwa viganja wasicheke. Mwadhini alikuwa bado anakohoa kwenye kipaza sauti Wijdan alipoifungua kalamu na kuanza kuandika jina la Haji.

"Punguza mkia wa mwisho," Umm Qusay alinong'ona, akichungulia begani. "Tangu tumzike nakwambia, marehemu hakuwa na mbwembwe. Hata kwenye kura yake uliuvuta mno."