Kikombe Kisichofutwa

Ngereza, mtapishaji wa vyoo vya mji ule, alipanga foleni ya Meza ya Bwana, koti limenyooshwa pasi, kichwa juu.

"Jamani, tunywe kikombe kimoja na huyu?" mtu akanong'ona nyuma.

"Ningejua ningewahi mbele," mwingine akamjibu.

Ngereza alikunywa. Mchungaji, ambaye kwa kila mtu hufuta ukingo wa kikombe mara moja, safari hii alifuta, akafuta tena. Ngereza aliona, wala hakuinamisha macho. Aliyemwita mezani ni Bwana.

Bibi Nakijwa, aliyemfuata, akaushika mkono wa mchungaji.

"Baba Mchungaji, unafuta kikombe au unamfuta mtu?"

Akanywa palepale aliponywea Ngereza, akarudisha kikombe.

"Sasa usifute."

Mchungaji akaigeukia foleni, akamnyooshea aliyefuata kikombe, ukingo ukingali na unyevu.