Miaka ya Nyarugusu

Mnunuzi alikwisha kuchovya kijiti kwenye kopo la rangi nyekundu. Hapo mnadani, ng'ombe akishapakwa rangi mgongoni ameuzwa, hakuna kurudi nyuma.

"Mzee Maige, unauza, au umewaleta kutembea?"

Maige alimtazama mkewe, aliyeshika kamba za maksai wao wawili. Miguu yake mwenyewe haikutulia, kama ambavyo haikutulia maisha yake yote. Ndiyo iliyomtoa kwenye udereva wa halmashauri, ikampeleka Nyarugusu kutafuta dhahabu miaka mitatu, ikamrudisha kwenye udereva uleule mikono mitupu. Sasa anakaribia kustaafu, na miaka hiyo mitatu ndiyo imepelea. Mfuko wa pensheni umekubali ainunue, yaani alipe mwenyewe michango yake. Asipoinunua, atapewa mkupuo mmoja aende zake; pensheni ya kila mwezi aisahau.

Lakini maksai wa kulimia ni hawa wawili tu, na mvua zinanukia.

Yule mkubwa akamlamba jasho la kiganjani kwa ulimi unaokwaruza kama msasa.

"Turudi nao nyumbani," Maige akamwambia mkewe. "Tukiwauza hawa tutalima na nini, mama?"

"Na jembe la mkono."

"Kwa umri huu?"

Mkewe akacheka, ila macho hayakucheka. "Ulipokuwa Nyarugusu nililima na nini? Uliniachia maksai gani? Mimi hiyo miaka nimeshailipa, baba. Bado wewe."

Mnunuzi akageuka pembeni, akajifanya hakusikia. Rangi ikadondoka vumbini.

Maige akanyoosha mkono.

"Lete hicho kijiti," akasema. "Nitawapaka mwenyewe."