Hatua Ishirini

Fundi wa programu alikuwa na dakika chache tu kabla yule mwanamke hajarudi na chai. Kwa bahati mwanamke huyo alikuwa ameiacha kompyuta wazi. Fundi akaivuta, akaingia kwenye programu inayoendesha bangili aliyofungwa mkononi.

Kila alipozidisha hatua ishirini kutoka mlangoni, bangili ilipiga kelele na geti likajifunga. Asubuhi hiyo alikuwa amejaribu mara tatu. Na saa sita binti yake wa darasa la kwanza angesimama peke yake nje ya shule, akimngoja. Roho ilimuuma.

Akili ilikuwa imechoka, lakini vidole havikusahau kazi. Juu kabisa zilipangwa namba: joto la maji, mwanga wa taa, sauti ya kengele. Zote zilitangazwa kuwa vigeu, unazibadilisha upendavyo. Akaujaribu mwanga, akaandika sifuri. Taa ikazimika. Kumbe inawezekana!

Akashuka hadi kwenye namba ya hatua. Palipokuwa na 20, akaandika 2000.

Kompyuta ikakataa. Namba hiyo ilitangazwa kuwa thabiti: ikishaandikwa, imeandikwa.

"Mshenzi gani kaandika hii?" alifoka.

Tena mshenzi mwenyewe hakuwa mwanagenzi. Kazi safi, kila namba na jina lake, hakuna pa kupenyeza hata sindano. Hata yeye asingeifunga vizuri zaidi.

Mwanamke akaingia na kikombe. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi.

"Baba, umeanza tena?"

Baba, baba, kutwa nzima! Heshima ya mfunga watu.

"Nifungulie, mama. Nakuomba. Mwanangu ananisubiri shuleni, ni mdogo mno."

"Kunywa chai kwanza."

"Sitaki chai! Nani kakutuma unifunge?"

Mwanamke aliweka kikombe mezani, akainama, akaonyesha kwa kidole maelezo madogo chini ya ile namba.

"Soma mwenyewe," alisema. "Kama jana."

Fundi akasogeza miwani, akasoma:

"Nimeitangaza thabiti mimi mwenyewe, ningali na akili zangu, nisije nikapotea njiani nikienda kumchukua mwanangu shuleni. Binti yangu, nikikubembeleza uibadilishe, nikatalie, na usilie."